Aliyeyajua Majina Yetu Yote

Watu wakimsifu Mwalimu mbele yangu, mate hunijaa mdomoni na huwa sina pa kuyatemea. Wanamsifu kwa jambo moja lile lile: yule mzee hasahau jina. Wanalisema stendi, wanalisema kwenye mashine za kukoboa mpunga, wanalisema misibani. Mtu kamaliza shule miaka mingi, kaota mvi na kitambi, anakutana na Mwalimu sokoni Kashaulili, na mzee anamwita jina lake na la baba yake, kisha anamuuliza kama mama yake bado anasumbuliwa na mguu. Mtu huyo anarudi nyumbani akikaribia kulia kwa furaha.

Mimi pia alinikumbuka. Mwaka huu nilimwendea nikihitaji kitu kimoja tu kutoka kwake: aandike kwenye karatasi kwamba Shija, mtoto wa mfugaji aliyeacha shule darasa la sita, ni mimi. Bila karatasi hiyo siwezi kufanya mtihani wa darasa la saba, ambao nimeamua kuufanya sasa, nina miaka thelathini na mitano, kwa sababu nimechoka kusoma vipande vya magazeti yaliyofungia karanga na kuishia pale karatasi ilipochanika. Kwenye makaratasi, Shija huyo alishafanya mtihani huo zamani, na akafaulu.

Shule yetu siitaji. Walimu wa sasa pale ni wengine kabisa na hawana kosa. Mwalimu naye simtaji, maana nikimtaja nitakuwa nimemtunzia kitu ambacho yeye hakunitunzia.

Siku zile, wiki ya kwanza ya Januari hakufundisha kitu. Aligeuza ndoo juu chini mlangoni mwa darasa, akaikalia, nasi tukapanga mstari jua likitupiga utosini. Ukifika mbele yake unasema jina lako, nani alikupa, na kwa nini. Ukimaliza anakushika kidevu kwa vidole viwili, anakuinua uso, anarudia jina lako mara tatu amekusogelea kiasi cha kuweza kumhesabu meno. Pumzi yake ilinuka dagaa wakavu, vidole vyake vilinuka chaki. Hadi leo nikipita kwenye magunia ya dagaa nafunga kidevu kifuani bila kukusudia.

Watoto wa Wapimbwe walikuja na majina ya watakatifu, na hao aliwauliza siku ya mtakatifu wao inaangukia lini. Sisi Wasukuma, watoto wa watu waliotoka kaskazini na ng'ombe, majina yetu yalimfurahisha zaidi kwa sababu kila moja lilikuja na habari zake. Mabula kazaliwa mvua ikinyesha. Kashinje katanguliza miguu. Njile, msichana mwembamba aliyekaa karibu nami, alizaliwa njiani, mama yake akiwa nyuma ya kundi, siku tatu kabla hawajafika huku. Mwalimu alifumba macho akisikiliza, kama mtu anayeonja mchuzi.

Nilipofika mimi nikasema, "Shija."

"Umemfuata nani?"

"Kulwa na Doto."

"Pacha hao wako wapi?"

"Doto yuko nyumbani. Kulwa alikufa kabla hajatembea."

Akaniachia kidevu, akaniwekea kiganja kichwani. "Basi wewe unatembea na kwa ajili yake," alisema. "Shija. Shija. Shija. Sitakusahau."

Nilikuwa na miaka tisa, na nilimpenda saa ile ile.

Ukishapita mara ya kwanza unazunguka jengo na kurudi mwisho wa mstari. Mara ya pili wewe unanyamaza, anayesema jina ni yeye. Akikosea unampa fimbo, yaani fimbo yake mwenyewe, naye ananyoosha kiganja na wewe unamchapa. Tuliisubiri zamu hiyo kuliko Krismasi. "Mwalimu umekosea, lete mkono!" mtoto anapiga kelele, na darasa zima linaruka ruka, naye anautoa mkono, anakunja uso, anasema, "Haki yako, Kalisti. Sasa nimekushika." Ilipofika Ijumaa hakuna aliyempata tena.

Kila Jumatatu alituhamisha madawati. Alisema akikujua kwa dawati basi amelijua dawati, wewe bado. Wakati wa kusoma kwa sauti alitupa mgongo, akatazama ukutani, na kutuita kwa sauti zetu tu: "Endelea, Mabula. Fransiska, usimsaidie." Jumamosi alipanda baiskeli akazunguka majumbani kwetu, na swali lake kwa mama zetu lilikuwa lile lile: ukimkasirikia huyu unamwitaje? Mama yangu alicheka hadi akakaa chini. Walimu wapya walioletwa kwetu aliwaonya siku ya kwanza wasimwite mtoto "wewe." "Ukisema 'wewe,'" aliwaambia, "umewaita wote na hajaja hata mmoja."

Nimeziandika njia zake kwa sababu ni nzuri. Mwalimu kijana akizisoma hapa na akazitumia, atawajua watoto wake kabla ya Februari. Hilo ndilo linalonichefua. Angekuwa mlevi wa kutuita kwa namba, ningekuwa nimeshamsahau.

Nyumbani kwake mambo yalikuwa mengine. Mara kadhaa alinituma kwake kupeleka madaftari, na sikuwahi kumsikia akimwita mkewe kwa jina. "Wewe, maji." "Wewe, mpe kijana kiti." Watoto wake aliwaita "nyie" wote kwa pamoja hata akiwa anamtaka mmoja, na wao walijua kutazamana na kuamua nani aende. Mama huyo nilimuuliza jina lake siku moja, maana mimi huuliza kila kitu. Alinitazama akafikiri nimetumwa. "Nenda kasome," alisema.

Kuna siku Mwalimu alinifanya nimheshimu kuliko baba yangu. Njile aliumwa na nyoka akipeleka ndama kunywa maji, akafa kabla hawajampata mtu wa kumsaidia. Tulikwenda kuzika darasa zima. Aliyesoma wasifu alikuwa jirani mwenye haraka, akamwita Njile kwa jina la dada yake. Watu waliguna wakanyamaza, si unajua msibani hakuna anayetaka kusahihisha. Mwalimu alipita katikati ya watu, akaichukua ile karatasi mkononi mwa yule jirani, akaikunja akaitia mfukoni. Kisha akasema bila kusoma: anaitwa Njile, alizaliwa njiani siku tatu kabla ya kufika, mama yake alimbeba mgongoni damu ikiwa bado mbichi, alikuwa anajua kuzidisha hadi kumi na tatu na kwenye kumi na nne anakwama. Mama wa Njile alilia kwa namna nyingine baada ya hapo, kama mtu aliyerudishiwa kitu.

Nikimkumbuka mtu yule aliyesimama kaburini, kisha nikamkumbuka aliyekaa nyuma ya choo mwaka uliofuata, najua ni mtu mmoja. Nimejaribu kuwatenganisha, sikuweza.

Kitu alichokichukia Mwalimu duniani kilikuwa pengo kwenye daftari la mahudhurio. Alilibeba daftari hilo kwapani, limevikwa gamba la kalenda, na kila akifungua ukurasa alilowanisha kidole kwa mate hadi pembe za karatasi zikawa za kahawia na laini kama ngozi ya chura. Wageni wa elimu walipokuja alilifunga, akalikabidhi kwao, akasimama wima na kuyataja majina yote kwa mpangilio, wasichana kisha wavulana, bila kukosea. Wageni walipiga makofi. Mmoja alisema hajawahi kuona shule ya huku ambayo watoto hawatoroki.

Watoto walitoroka sana. Sisi wa ng'ombe tulikuwa tunahama majani yakiisha, wa tumbaku walikuwa wanakwenda na wazazi mashambani, na wasichana wengine waliozwa. Katika lile daftari lakini hakuna aliyeondoka. Nilikuwa mdogo, sikujiuliza. Nilidhani Mwalimu anatusubiri.

Baba alihamishia ng'ombe bonde la Rukwa nilipomaliza darasa la sita. Nilikwenda nao. Mwezi Machi nilimwomba ruhusa nirudi nimalizie la saba, na baba, ambaye hakuwa mtu wa shule, alifikiri kwa muda akasema, "Nenda. Wakikupokea utakaa kwa mjomba wako Ilembo." Siku mbili nilitembea na kudandia malori. Nikafika shuleni saa nne asubuhi, madarasa yanasoma kwa sauti, vumbi miguuni hadi magotini. Nikapitia nyuma, upande wa choo, ili ninawe kwanza pale bombani.

Nikasikia sauti ya Mwalimu ikiita, "Shija!"

"Naam, Mwalimu!" nikaitika, na nilifurahi jinsi alivyonijua bila kuniona.

Sauti nyingine ilikuwa imeitika pamoja na yangu.

Nilipozunguka kona nilimkuta Mwalimu amekaa kwenye ndoo yake. Mbele yake, amempa mgongo, amesimama Filbati, mtoto wa fundi cherehani wa Kashaulili. Huyu alikuwa mbele yetu darasa moja. Mwaka uliopita alifanya mtihani wa darasa la saba akaanguka, na wakati ule ukianguka hukuruhusiwa kurudia. Baba yake alikuwa amekuja shuleni kulia. Sijawahi kusikia kwamba Mwalimu alichukua kwake hata kuku, na sidhani alichukua. Alimhurumia, basi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Subiri hapo." Akamgeukia Filbati. "Umechelewa kuitika. Unaitwa nani?"

"Shija."

"Kwa nini Shija?"

"Nimefuata pacha."

"Ambao ni?"

"Doto na Kulwa."

"Anaanza Kulwa! Yeye ndiye anatoka kwanza. Mara ngapi nikwambie? Haya, Kulwa yuko wapi?"

"Alikufa."

"Alikufa lini?"

"Kabla hajatembea."

"Usiseme kama unasoma ubao. Ni ndugu yako. Tena."

Filbati aliniona. Alinifahamu vizuri, tulikuwa tunagombania mpira wa chandimu pamoja. Akarudia. Safari hii alishusha sauti kwenye neno "alikufa," akalisema vizuri, vizuri kabisa, kama mimi.

"Mwalimu, nimerudi," nikasema.

"Naona. Lakini umechelewa, mwanangu. Nafasi yako ina mtu."

"Sasa mimi nitakaa wapi?"

"Hicho ni kiti tu, Shija. Kikiwa wazi anakaa mtu." Aliliita jina langu kwa upole ule ule, Filbati akiwa bado amesimama kati yetu. "Huyu hana kitu kingine. Wewe una ng'ombe."

Akamwagiza mpishi anipe uji. Niliunywa wote, nikarudisha kikombe kwa mikono miwili, nikasema asante. Nikiwa natoka kengele ya mapumziko iligonga, watoto wakamwagika uwanjani, na wenzangu wa darasa, Kalisti na Mabula na wote niliokaa nao miaka yote ile, walianza mpira. "Shija, toa pasi!" walimpigia kelele Filbati. "Shija, acha uchoyo!" Walikuwa wameshazoea. Mabula aliniona pale kwenye uzio, akanipungia mkono, akaendelea kucheza.

Tangu siku ile sijakaa mahali pamoja miaka miwili. Nimechimba dhahabu, nimepakia tumbaku, nimelina asali, nimesukuma mikokoteni ya mahindi kutoka Magamba hadi mjini. Kila ninapofika nauliza watu majina yao, nani aliwapa na kwa nini. Watu hupenda kuulizwa. Mara nyingine katikati ya swali najisikia nimeinamisha kichwa na kufumba macho vile vile kama yeye, na hapo natafuta kisingizio cha kuondoka.

Miaka michache iliyopita nilikuwa upande wa Mpimbwe kwenye mavuno ya mpunga. Mundu uliniteleza ukanipasua kiganja. Wakanipeleka zahanati ya jirani, wakinisifia tabibu njia nzima: mpole, hagombezi wazee, anaita kila mtu kwa jina. Nikakaa kwenye benchi mkono umefungwa kanga. Mbele yangu alikuwa mzee Msukuma mwenye kikohozi, na mlango wa chumba ulikuwa wazi, kwa hiyo nilisikia yote.

"Daktari Shija," mzee alisema, "hilo jina ni la kwetu. Umefuata pacha?"

"Ndiyo, mzee. Kulwa na Doto."

"Wazima?"

"Doto mzima. Kulwa alitutoka mdogo kabisa, hata hajatembea."

"Aah. Pole, mwanangu."

"Ahsante, mzee. Vuta pumzi."

Sauti ilishuka pale pale iliposhuka nyuma ya choo. Nilisimama niondoke. Damu ilikuwa inadondoka sakafuni, na mfagiaji akanishika bega akaniingiza ndani. Filbati alikuwa na koti jeupe na kalamu juu ya daftari la wagonjwa. Hakuinua macho.

"Jina?"

"Shija."

Kalamu ilisimama. Yule mzee, aliyekuwa bado anafunga vifungo vya shati, alicheka kwa furaha. "Wajina wako, daktari! Na wewe umefuata pacha?"

"Ndiyo, mzee."

"Wazima?"

Nilimtazama Filbati na yeye sasa akanitazama. Ningeweza kusema. Badala yake nikajibu, "Wote wazima, mzee." Ndugu yangu aliyekufa alikuwa ameshalipiwa pole chumbani mle dakika moja iliyopita, na pole ilipokelewa. Sikuwa na wa kumtaja tena.

Alinishona vizuri mno. Leo kovu lake hulioni mpaka uambiwe. Alipomaliza alisema, "Usilowanishe." Sina ugomvi naye. Alikuwa mtoto aliyesimamishwa juani akafundishwa. Nilipotoka nje nilitapika kwenye maua ya zahanati, na watu wakasema ni kwa sababu ya damu.

Basi mwaka huu nilisikia kuna darasa la watu wazima na kwamba mtu wa umri wangu anaweza kufanya mtihani. Nilikwenda kwenye dirisha la kujiandikisha, Kashaulili. Karani, kijana mwenye miwani, alipekua, akaniuliza nilisoma wapi, akapiga simu, akarudi anatabasamu. "Mzee, unanichezea? Shija huyu ameshamaliza. Hongera, ulifaulu." Nilipomweleza kwa kifupi aliacha kutabasamu. Akasema nilete barua ya mwalimu aliyenifundisha, inayosema mimi ni nani na niliishia wapi, hapo atakuwa na la kufanya.

Mwalimu amestaafu, anakaa Ilembo, nyumba ya bati na shamba la mahindi nyuma yake. Nilimkuta uani amekaa kwenye kiti, amenipa mgongo, anatazama ukuta. Mkewe alikuwa chini kwenye mkeka anamenya karanga.

"Hodi hapa."

"Karibu, Shija," alisema bila kugeuka. "Sauti imekomaa lakini ni ile ile."

Moyo uliniruka kwa furaha. Naona aibu kuandika hivyo, lakini uliniruka kama wa mtoto, baada ya yote yale.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Doto hajambo? Aliolewa Tabora, siyo? Mama yako alinieleza nilipokutana naye sokoni." Akageuka. Macho yamefifia, meno yamepungua, kidole bado anakilowanisha, safari hii kwa kufungua kurasa za kitabu cha sala. "Kaa. Wewe, mpe mgeni kiti."

Mama aliinuka akaleta kiti. Nikamweleza Mwalimu shida yangu. Alinisikiliza amefumba macho.

"Siwezi," alisema.

"Mstari mmoja tu, Mwalimu. Kwamba mimi ni Shija na niliishia la sita."

"Nikiandika hivyo, yule wa zahanati anakuwa nani? Ana wagonjwa pale. Ana mke, ana watoto watatu wanaoitwa wa Shija. Wa kwanza namjua, anaitwa Neema. Unataka nimwandikie Neema kwamba baba yake si mtu?"

"Mimi je?"

"Wewe upo. Nani kasema haupo? Mimi nakujua."

"Unajua peke yako."

"Hata yeye anajua. Anakutaja kila akija kunisalimia."

Mama aliacha kumenya karanga, kisha akaendelea. Nikamuuliza swali lililokuwa limenikaa miaka yote: majina mangapi aliyagawa. Alianza kuyataja. Hakuona haya. Aliyataja kama alivyoyataja mbele ya wageni, kwa mpangilio, wasichana kisha wavulana, nani alipewa la nani, na leo yuko wapi. Huyu mwalimu, huyu bwana shamba, huyu yuko Dodoma ofisini. Sauti yake ilijaa raha.

"Na la Njile?"

Akafunga kitabu cha sala. "La Njile sikumpa mtu," alisema. "Waliniomba. Nilikataa. Mtu akifa hawezi kurudi kuiomba nafasi yake. Ningekuwa mwizi."

"Mimi nilirudi, Mwalimu."

Kuku alipita kati yetu akidonoa maganda. Nilifikiri nimemfikisha mahali, na nilisubiri. Mzee alikuwa anafikiri kweli, uso umekunjamana, na pole pole ukakunjuka, ukang'aa, kama pale alipokuwa akilipata jina mara ya pili mlangoni.

"Lakini Filbati yupo!" alisema.

"Filbati yuko zahanati."

"Yule ni Shija. Namaanisha Filbati. Jina lake halina mtu tangu mwaka ule. Filbati alianguka mtihani, na siku hizi aliyeanguka anaruhusiwa kufanya tena. Hata umri mnakaribiana." Akapiga paja. "Mbona hatukuliona mapema! Wewe, niletee kalamu na karatasi."

Mama alileta. Alipompa hakuondoka, alisimama nyuma ya kiti chake akinitazama, akasema taratibu, "Chukua tu, baba. Ukibishana naye mtakesha."

Aliandika kwa mwandiko wake ule mzuri, ulioinama kidogo. Alisema nilikuwa mwanafunzi mtiifu, mtoto wa fundi cherehani, mwenye bidii ila nilipatwa na homa siku ya mtihani. Homa ilikuwa kweli, alisema, Filbati aliumwa siku ile, hakuongeza chochote. Akaikunja barua, akaitia kwenye mfuko wa shati langu, akaupigapiga. Kisha akanyoosha mkono, akanishika kidevu kwa vidole viwili, mimi mtu mzima mwenye ndevu, akaniinua uso.

"Filbati," alisema. "Filbati. Filbati."

Pumzi ile ile. Sikumsukuma. Ni mzee, na mkewe alikuwa anatazama. Nilisimama nikaaga, na kwenye bomba la jirani niliomba maji nikanawa uso kwa sabuni ya kufulia.

Nilikwenda dirishani siku iliyofuata na barua mfukoni. Njia nzima nilijiambia ni karatasi tu. Nilitaka mtihani ule. Nilikuwa nimeshanunua daftari, nimeshajikumbusha sehemu na desimali, nimeshaambiwa na mwalimu wa jioni kwamba nitapita bila shida. Foleni ilikuwa ya watu wanne, na nyuma yangu alikuwa mama mmoja mwenye ndoo ya nyanya. Karani alikuwa yule yule mwenye miwani, na hakunikumbuka.

"Jina?"

Nilishika mfuko wa shati. Barua ilikuwa pale. Kwa Filbati ningekuwa ndani baada ya dakika mbili.

"Kaka," yule mama wa nyanya akasema, "hata jina lako mwenyewe unalifikiria? Tuna haraka wenzio!" Watu wakacheka, na mimi nikacheka nao.

"Shija," nikasema.

Karani akapekua, akavua miwani, akanitazama vizuri. "Huyu ameshamaliza. Si ni wewe nilikwambia wiki ile? Barua umeleta?"

"Sina."

"Sasa umefuata nini hapa?"

"Umeniuliza jina," nikamwambia, nikampisha mama wa nyanya.